Nilivyopata kazi yangu ya kwanza kwenye ambulansi, Lowell, Massachusetts

Wakenya wengi hapa Lowell huanza maisha kwa kutunza wazee, na mimi nilianzia huko huko. Baada ya miaka ya kuosha na kugeuza wagonjwa kwenye nyumba ya wazee, nilijiandikisha darasa la jioni la EMT, yaani mhudumu wa ambulansi wa ngazi ya msingi. Mtihani wa National Registry, shirika la kitaifa linalotoa vyeti vya wahudumu wa ambulansi, nikaupita. Mtihani huo una vituko vyake: kompyuta hukuchagulia maswali kulingana na unavyojibu, kuanzia 70 hadi 120, kisha inakukatia ghafla na kukuacha hujui umepita au umeanguka.

Wanaomaliza darasa hilo karibu wote hutaka kitu kimoja, zimamoto. Lakini miji mingi ya jimbo hili huajiri wazimamoto kwa mtihani wa utumishi wa umma na orodha ya kusubiri, na waliotumikia jeshi pamoja na wakaazi wa mji wenyewe hutangulizwa. Mimi na kodi yangu ya nyumba hatukuwa na subira hiyo. Nikalenga kampuni binafsi zinazohamisha wagonjwa kati ya hospitali na kuwapeleka watu wa figo kusafishwa damu. Wenzangu darasani waliziita teksi za wagonjwa. Sawa, lakini teksi hizo huajiri mwaka mzima.

Kwanza karatasi. Cheti cha Registry peke yake hakikupi ruhusa ya kumgusa mgonjwa. Ruhusa hutolewa na jimbo, kwa hiyo hilo lilitangulia. Nikaongeza kadi ya BLS (mafunzo ya msingi ya kuokoa uhai) ambayo haijaisha muda, chanjo ya homa ya ini aina ya B, kipimo cha kifua kikuu, na mafunzo mawili ya FEMA, shirika la serikali ya Marekani la kushughulikia maafa, yanayopatikana bure mtandaoni, IS-100 na IS-700. Rekodi ya udereva nayo niliichukua mapema. Watu huidharau, kumbe kampuni ya bima ina usemi mkubwa juu ya nani ashike usukani wa ambulansi, na faini za mwendo kasi zinaweza kukukosesha kazi hata kama darasani ulikuwa wa kwanza.

Wasifu wangu niliupeleka kwa dada mmoja wa kanisani ambaye ni paramediki, yaani mhudumu wa ambulansi wa ngazi ya juu, wa siku nyingi. Aliusoma akiwa amesimama jikoni, akanirudishia.

"Hao mashosho unaowainua kila siku, waweke juu kabisa," akasema. "Hao ndio watakupa kazi. Cheti kila mtu anacho."

Basi tukaandika upya: kuhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kupima presha kwa mkono, kuandika ripoti ya zamu, kumtuliza mzee mwenye ugonjwa wa kusahau ambaye hataki kuguswa. Kiswahili nacho kikaingia, maana siku hizi Lowell ina familia za Wakongomani pia.

Kampuni kadhaa hazikujibu. Moja ilidai uzoefu wa mwaka mmoja kwa kazi iliyotangaza yenyewe kuwa ni ya wanaoanza, nikacheka tu. Iliyoniita ilinipa hali moja: mwanamume wa miaka 60, kifua kinambana, umefika mlangoni, unafanya nini? Nilianza na usalama wa mahali na glavu, njia ya hewa, kupumua, mapigo. Kisha nikauliza kama ana mzio, nikataja aspirini ya kutafuna miligramu 324, nikaomba paramediki watukute njiani. Nadhani walichotaka kusikia ni mpangilio, na kwamba najua mipaka ya cheti changu. Kisha tukaenda kwenye ngazi. Nyumba nyingi za mbao huku ni za ghorofa tatu na ngazi zake ni nyembamba, kwa hiyo kila anayeomba kazi hupimwa kama anaweza kumteremsha mtu kwenye kiti cha ngazi bila kumtikisa. Hapo miaka ya mashosho ilijibu yenyewe.

Hiyo "teksi" ndiyo iliyonifundisha kazi. Mgonjwa wa figo husafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa hiyo unamzoea, na siku rangi yake ikibadilika unaona kabla ya mashine. Nilijifunza kusikiliza presha gari likitembea: mkono wa mgonjwa unaulaza pajani pako, visigino unavinyanyua sakafuni ili mtetemo usipande hadi kwenye stethoskopu. Nikajifunza pia kukagua fomu ya daktari inayothibitisha kwamba mgonjwa huyu kweli anahitaji ambulansi, kwa sababu bila hiyo Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hailipi safari.

Pesa? Za kuanzia hazikuzidi sana zile za nyumba ya wazee. Ndiyo maana sikuacha zamu zangu za wikendi kule mpaka nilipomaliza kipindi cha kufundishwa na kuruhusiwa kukaa nyuma na mgonjwa bila msimamizi. Ukiitwa intavyu, uliza kipindi hicho ni cha muda gani na kama kinalipwa kikamilifu. Uliza pia kama kampuni ina mkataba wa 911, yaani wa simu za dharura, na mji wowote. Yangu ilikuwa nao, na zamu za usiku za 911 nilizipata humo humo, bila kutafuta kazi upya.