Utamu niliukumbuka, ukali nikausahau

Burashi yangu ya meno ya umeme iliishiwa chaji siku ya pili tangu nifike Lodwar, kaskazini mwa Kenya. Nyanya akaniangalia nikiipigapiga kiganjani, akanirushia kijiti. "Hiki hakichajiwi," akasema. Uani wote wakaangua kicheko, nami nikatafuna.

Ni mzizi wa esekon, kama Waturkana wanavyouita, mti ambao Kiswahili chauita mswaki tu, jina moja kwa mti na kwa kifaa. Ng'ata ncha mpaka nyuzi zifumuke, sugua. Kesho kata ncha iliyochoka uanze upya. Minneapolis, kule Marekani, nilikuwa nauona kwenye maduka ya Wasomali, umefungwa plastiki kutoka Pakistani, mkavu kama kuni. Huu wa nyanya ulichimbwa asubuhi hiyo: una majimaji, na unapanda puani kama haradali.

Lakini hamu yangu hasa ilikuwa matunda. Miaka 11 nimemsimulia binti yangu: vitunda kama njegere, vikiiva vinageuka waridi hadi zambarau, vitamu ajabu. Tukashuka mto Turkwel. Nikajaza kiganja, nikatia vyote mdomoni kwa mpigo kama zamani. Utamu ulikuja, kweli. Nyuma yake ukaja mwasho wa pilipili, machozi yakanitoka. Binti akatema. "Baba, si ulisema ni tamu?" Nyanya anasema yamewasha tangu zamani, na mimi nilikuwa nikiyala huku nalia. Mengine walikuwa wakiyakausha na kuyaweka akiba. Majani nayo yana chumvi, ngamia huyapenda, na maziwa yao hubeba ladha hiyo. Hiyo, angalau, sikuisahau.

Kilichoniuma ni ukingo wenyewe. Matawi ya esekon hushuka hadi chini, kivuli chake kama chumba. Humo tulilala mchana, sisi na mbuzi. Leo pale pamejaa mathenge, ule mti wa kuletwa, miiba mitupu. Maganda yake yana sukari hadi yanaozesha meno ya mbuzi. Watu wa Baringo waliwahi kumpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani kama ushahidi. Yaani mti wa kusafisha meno umesukumwa na mti wa kuyang'oa!

Tulipata esekon tatu tu nyuma ya kichaka, na mkono wangu bado una mikwaruzo. Binti amekataa matunda katakata, ila kijiti hakimtoki mdomoni. Burashi iko begini.