Kimo cha kigoda: kumbukumbu ya mradi wangu wa picha za mtaani Da Nang

Maisha ya mtaani Da Nang, Vietnam, yako chini, usawa wa goti. Mama anayeuza mì Quảng amekaa kwenye kigoda cha plastiki na wateja wake wamekaa hivyo hivyo, bakuli za tambi za manjano zikiwa juu ya meza isiyozidi urefu wa ndoo. Wazee wanaocheza sataranji ya Kichina kando ya mto Han wamechuchumaa. Wanawake wanaochambua samaki ufukweni wamechuchumaa. Ukipiga picha ukiwa umesimama, unaambulia kofia, visogo na lami. Ndiyo maana mradi huu nimeuita Kimo cha Kigoda, na sharti nililojiwekea ni moja: kamera isipande juu ya macho ya mtu aliyekaa. Sasa picha zimekuwa nyingi kiasi cha kuanza kuchagua, nami naandika hapa ulipofikia.

Kamera na chumvi

Natumia kamera ndogo, Ricoh GR III. Lenzi yake haibadilishwi, na upana wake ni sawa na milimita 28 kwenye kamera ya fremu nzima. Mchana naweka apacha (tundu la kupitishia mwanga) f/8 na kuifunga fokasi kwenye mita 1.5. Hapo kila kitu kilicho kati ya sentimita 90 hivi na mita 5 kinatoka wazi, kwa hiyo sihitaji kuiinua kamera usoni wala kusubiri ijitafutie fokasi yenyewe. Naishika usawa wa goti, nikiwa nimechuchumaa au nimekaa kigodani kama mteja mwingine yeyote. Alfajiri mwanga hautoshi. Nashuka hadi f/4, tundu linapanuka, na eneo lililo wazi linapungua, linakuwa kati ya mita 1.1 na mita 2.3 tu. Lazima nisogee karibu sana na watu, na hilo limeubadilisha mradi kuliko kifaa chochote ambacho ningeweza kununua.

Anayeishi pwani anaijua chumvi. GR III haina kinga ya maji wala vumbi, kwa hiyo kila nikitoka ufukweni naifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, na kuilaza kwenye boksi lenye vipakiti vya kunyonya unyevu. La pili ni kiyoyozi: ukitoa kamera kwenye chumba cha baridi ukaipeleka moja kwa moja kwenye joto la nje, lenzi inajaa ukungu na unapoteza dakika bora za siku. Naifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuitanguliza barazani mapema, ipate joto taratibu kabla ya kuufungua mfuko.

Man Thai, kabla jua halijapanda

Hapa ndipo moyo wa mradi ulipo. Man Thai ni ufukwe ulio kaskazini ya ufukwe wa My Khe, chini ya rasi ya Son Tra. Mwezi wa Juni jua huchomoza kama saa 11 na robo alfajiri, na kufika saa 12 na nusu mwanga umeshakuwa mkali. Wenyeji wanalijua jua lao. Saa 11 ufukwe wa My Khe umeshajaa watu wanaoogelea na wazee wanaonyoosha viungo, na huku Man Thai wavuvi wanaingia.

Mashua kubwa hutia nanga mbali kidogo, na samaki huletwa nchi kavu kwa thúng, kikapu cha mviringo cha mianzi iliyosukwa na kupakwa utomvu wa mti ili maji yasipenye. Siku hizi vingi ni vya fibaglasi. Mvuvi hukaa au husimama upande wa mbele na kasia moja, analichezesha majini kushoto na kulia bila kulitoa, na kikapu kinakwenda anakotaka. Husimuliwa kwamba zana hii ilienea zama za Wafaransa, watu walipoikwepa kodi ya mashua kwa hoja kwamba kikapu si mashua.

Nilichojifunza Man Thai ni mahali pa kukaa. Kikapu kikifika mchangani, wanunuzi wanakizunguka duara: dagaa, ngisi, vibua, kaa, na bei zinapigiwa kelele juu ya vichwa. Ukibaki nje ya duara unapata migongo. Na hata ukiwa ndani, kofia ya nón lá, ile ya majani yenye umbo la pia, ni mtihani, kwa sababu ukingo wake unatupa kivuli kizito usoni wakati bahari nyuma inawaka. Kamera ikipimia uso, anga linaungua, linabaki jeupe tupu. Ikipimia anga, uso unapotea.

Dawa yake ni mchanga uliolowa. Wimbi likishapita, mchanga unarudisha mwanga kutoka chini, unapenya chini ya kofia na kuziangaza kidevu, mashavu na macho. Mwanga huo hauonekani ukiwa umesimama. Ukichuchumaa ndani ya duara, lenzi usawa wa kikapu, unauona waziwazi. Napimia anga na kusubiri mama mmoja ainue kichwa kumjibu mwenzake kuhusu bei. Picha ninazozipenda kuliko zote katika mradi huu zimepatikana hivyo.

Kofia ile peke yake, mtu mmoja amepigwa kwa mbali na jua jekundu nyuma yake, sitaki kuipiga. Nchi hii imeshapigwa hivyo kupita kiasi, na picha ile haikuambii huyo mama anafanya nini, ananunua kwa nani, amekasirikia nini. Vivyo hivyo sanamu nyeupe ya Bodhisatva kwenye pagoda ya Linh Ung, mita 67, inayoonekana ng'ambo ya ghuba. Ikiingia katikati ya vichwa viwili naiacha iingie. Siitafuti.

Mchana

Mchana sipigi sana. Da Nang iko kama nyuzi 16 kaskazini ya ikweta, na mwanzoni mwa Mei, kisha tena mwanzoni mwa Agosti, jua la adhuhuri linapita utosini kabisa. Vivuli vinaishia miguuni, na wanawake kwenye pikipiki wamejifunika toka kichwani hadi vidoleni. Nakaa kwenye kahawa ya kando ya njia, maziwa mazito chini ya glasi, kahawa ikidondoka polepole kutoka kwenye kichujio cha bati, na nachambua picha za asubuhi.

Daraja la Joka

Daraja hili la mita 666, lenye umbo la joka juu yake, lilifunguliwa tarehe 29 Machi 2013, na wikendi saa 3 usiku joka linatema moto, halafu maji. Mimi naligeuzia mgongo joka na kupiga watazamaji. Moto unapowaka, nyuso mia zinaangazwa kwa sekunde mbili tatu, kisha giza. Maji yakija, walio karibu wanakimbia wakicheka na kuburuta watoto. Spidi ya shata 1/250 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200, kamera usawa wa kifua cha mtoto wa miaka mitano.

Mvua

Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya mvua kubwa. Barabara zinajaa makoti ya plastiki ya rangi zote, mengine yana tundu mbili za vichwa, la dereva na la abiria, na kidirisha angavu mbele ili taa ya pikipiki ipenye. Vigoda vinapandishwa ngazi moja, na biashara inaendelea chini ya turubai. Sehemu hii bado ni nyembamba na nitaijenga msimu ujao.

Ruhusa

Kifungu cha 32 cha Kanuni ya Sheria za Kiraia ya Vietnam ya mwaka 2015 kinasema matumizi ya picha ya mtu yanahitaji ridhaa yake, na matumizi ya kibiashara yanahitaji malipo. Picha za shughuli za hadharani zina nafasi yake, mradi haziharibu heshima ya mtu. Kwangu sheria ni mwanzo tu. Nimekulia Tanga, mahali ambapo hufiki walipo wakubwa zako ukakaa kimya bila shikamoo. Hapa nako mtu anaamkiwa kwa umri wake, shangazi, mjomba, dada mkubwa, na nikitanguliza salamu hiyo kwa Kivietinamu changu cha kuungaunga, duara linanifungulia nafasi.

Kisha narudi na picha. Nasafisha za sentimita 10 kwa 15 na kumpelekea kila ninayemtambua. Mama mmoja wa Man Thai aliitazama yake, akaizungusha kwa wenzake wote, halafu akaniuliza kwa nini nimempiga akiwa anabishana. Nikamwambia ndivyo anavyopendeza. Alitaka nyingine, akiwa ametulia, kwa ajili ya ukuta wa nyumbani, na nikampigia hapo hapo. Ile ya ukutani ni yake na haimo kwenye mradi.

Kuchagua

Swali la rangi nimelimaliza: mradi utakuwa wa rangi. Nilijaribu nyeusi na nyeupe, na vigoda vyekundu na vya buluu vikageuka kijivu kimoja, tambi za bizari zikapoteza utamu, makoti ya mvua yakawa mifuko. Mpangilio utafuata saa za siku moja, kutoka kikapu cha kwanza Man Thai hadi kigoda cha mwisho kinachopangwa usiku, bila kujali mwezi picha ilipopigwa.

Pengo kubwa ni sadaka za tarehe mosi na 15 za mwezi mwandamo, watu wanapoweka matunda na ubani mbele ya maduka na kuchoma karatasi kando ya njia. Nazo ziko chini, usawa wa goti. Nimezungumza na wenye duka la vifaa vya pikipiki karibu na soko la Con, wamekubali nikae nao jioni nzima ya tarehe 15 ijayo.