Tuliitikia kwa kichwa wote

Jana kikaoni bosi kauliza "kuna mwenye swali?" tukakaa kimya wote, mi nikajifanya naandika kwenye daftari kumbe nachora viboksi tu. Mpango wenyewe ovyo, kazi ya miezi mitatu imebanwa kwenye wiki tano. Nikamwangalia jirani yangu, anaitikia kwa kichwa, nikasema basi labda ni mimi ndo sijaelewa. Kikao kimeisha, hatujafika hata kwenye ngazi, jirani yule yule ananiuliza "hivi we umeuelewa huu mpango?" Nyuma yetu mtu akacheka, kumbe naye. Tulikuwa watu nane mle ndani jamani, na naanza kuhisi hata bosi alikuwa na wasiwasi wake akawa anangoja mtu amshtue.

Usiku nikawa nawaza lile jaribio la mwanasaikolojia Solomon Asch la miaka ya 1950, la mistari. Unaonyeshwa mistari mitatu useme upi unalingana na ule wa pembeni, jibu liko wazi kabisa, ila wenzako wamepangwa wataje jibu la uongo kwa sauti moja, na karibu robo tatu ya waliojaribiwa walifuata mkumbo angalau mara moja. Hiyo wengi tunaijua. Ila akiwekwa mtu mmoja tu wa kutaja jibu sahihi, mkumbo unapungua sana, na mtu akiambiwa aandike jibu lake kimyakimya badala ya kulitamka napo unapungua. Kwa hiyo macho yao mengi yalikuwa yanaona vizuri tu!

Na sisi jana akili tulikuwa nazo, mmoja mmoja, ujinga ulikuja tulipokaa pamoja, kila mtu kachukua ukimya wa mwenzake akaufanya ushahidi. (Na msiniletee ile ya "mlango wangu uko wazi", aliyeingia mara ya mwisho si alitoka kanuna wiki nzima.)

Leo asubuhi nimeandika meseji kwenye grupu la kazini, nikafuta, nikaandika tena nikafuta, ya tatu nikatuma hivyo hivyo: "Wiki tano hazitoshi, kazi yangu peke yake inataka nane." Dakika nne kimya, naona tu wanaosoma wanaongezeka, moyo unanidunda. Halafu jirani akaandika "hata mimi."