Tom Wills na Kanuni Kumi za Melbourne

Tarehe 17 Mei 1859, wanaume wachache wa klabu changa ya mpira walikutana katika hoteli ya Parade, East Melbourne, wakaandika kwa mkono kanuni kumi za mchezo ambao ulikuwa bado hauna jina linaloeleweka, na ambao leo huitwa mpira wa miguu wa Australia. Miongoni mwao walikuwamo Tom Wills, William Hammersley, J. B. Thompson na mwalimu Thomas Smith. Karatasi yao ingalipo hadi leo. Chama cha soka cha Uingereza kiliundwa mwaka 1863, kwa hiyo wachezaji wa koloni la Victoria walikuwa na sheria zao zilizoandikwa miaka minne kabla ya London kuwa na hizi ambazo sisi wapenzi wa soka tunaziona kuwa mwanzo wa kila kitu. Nilipoanza kuufuatilia mchezo huu wa Australia nilikuwa nikizitafuta kanuni, lakini niliyemkuta ni Wills, na tangu hapo yeye ndiye aliyeniteka.

Thomas Wentworth Wills alizaliwa mwaka 1835 katika koloni la New South Wales, akiwa mjukuu wa mfungwa aliyesafirishwa kutoka Uingereza. Baba yake, Horatio, aliihamishia familia magharibi mwa Victoria kufuga kondoo katika ardhi ya watu wa Djab Wurrung, na huko Tom alikua akicheza na watoto wa wenyeji hao, akajifunza lugha yao na nyimbo zao. Alipofika miaka 14 alipelekwa Uingereza katika shule ya Rugby. Masomo hayakumkaa, ila uwanjani hakuwa na mshindani: akawa nahodha wa kriketi wa shule, na mwaka 1856 aliichezea Cambridge dhidi ya Oxford ingawa hakuwahi kusoma chuoni hapo.

Alirejea Victoria mwishoni mwa mwaka huo, na baada ya muda mfupi akawa mchezaji wa kriketi aliyependwa kuliko wote katika koloni. Kriketi, hata hivyo, ni mchezo wa kiangazi. Tarehe 10 Julai 1858 gazeti la michezo la Melbourne lilichapa barua yake akiwahimiza wachezaji wenzake wasikae wakapooza viungo majira ya baridi, bali waanzishe klabu ya mpira wa miguu pamoja na kamati ya kuitungia sheria. Mwezi uliofuata yeye na Dakta John Macadam walikuwa waamuzi wa mechi kati ya shule mbili, Scotch College na Melbourne Grammar, wachezaji 40 kila upande. Mechi hiyo ilichezwa kwa siku tatu zilizopishana majuma mawili mawili, kisha ikaachwa ikiwa sare ya bao moja kwa moja.

Kanuni za 1859 zinastahili kusomwa polepole. Mchezaji aliyeudaka mpira uliotoka moja kwa moja mguuni mwa mwenzake alikuwa na haki ya kuupiga bila kubughudhiwa, na hilo limebaki kuwa uti wa mgongo wa mchezo mpaka leo. Kumpiga mtu ngwara kuliruhusiwa, lakini kumpiga mateke ya muundi, desturi iliyotukuzwa katika shule za Uingereza, kulikatazwa. Kuotea hakukutajwa kabisa, na kwa kimya hicho mchezaji aliweza kusimama popote uwanjani, hata mbele ya mpira. Hammersley alikumbuka baadaye kwamba Wills alikuwa amependekeza sheria za shule yake ya Rugby, ila hakuna aliyezielewa isipokuwa yeye mwenyewe. Kwa hiyo mtu anayesifiwa kuwa mwanzilishi alishindwa hoja mezani, akakubali, kisha akaingia uwanjani kuwafundisha wengine namna ya kucheza. Kwa miaka mingi alikuwa nahodha, kwanza wa Melbourne na baadaye wa Geelong, na aliendelea kucheza hadi miaka ya 1870. Mimi naiheshimu zaidi kazi hiyo ya miaka kuliko saini ya siku moja.

Mwaka 1861 maisha yake yalikatika vipande viwili. Baba yake alimtaka aache michezo waende pamoja Queensland kufungua malisho mapya, wakasafiri miezi kadhaa na maelfu ya kondoo hadi mahali palipoitwa Cullin-la-ringo. Tarehe 17 Oktoba, Tom akiwa ametumwa mbali kuchukua mahitaji, wenyeji wa eneo hilo waliivamia kambi wakawaua watu 19, baba yake akiwamo. Wanahistoria wengi wanaliona shambulio hilo kuwa kisasi cha mauaji yaliyokuwa yamefanywa na mlowezi jirani. Walowezi na polisi wakalipiza kwa kuua wenyeji wengi mno kuliko hao, wakiwamo wasiohusika hata kidogo. Siku chache baada ya msiba Tom alimwandikia binamu yake, Colden Harrison, akiomba watu thabiti watakaompiga risasi kila mweusi watakayemwona. Mwaka 2021 iliibuliwa makala ya gazeti la Chicago la mwaka 1895 inayodai kwamba yeye mwenyewe alishiriki mauaji hayo ya kulipiza. Dai hilo bado linabishaniwa, lakini ile barua haina ubishi.

Ndipo unapofika mwaka 1866, na hapa kila mwandishi wa maisha yake husita. Wills alikubali kwenda magharibi mwa Victoria kuifundisha timu ya kriketi ya wenyeji wa asili, vijana waliozungumza lugha zinazokaribiana na ile ya utotoni mwake. Siku iliyofuata Krismasi aliwaongoza akiwa nahodha wao katika uwanja mkuu wa Melbourne, mbele ya maelfu ya watazamaji, pamoja na Johnny Mullagh, mchezaji ambaye sifa zake hazijafifia mpaka sasa. Walishindwa siku hiyo, lakini umati uliwashangilia. Ziara yao iliyofuata iliharibiwa na mfadhili asiye mwaminifu, na baadhi ya wachezaji wakafariki. Timu iliposafiri Uingereza mwaka 1868 na kucheza mechi 47, nahodha alikuwa Charles Lawrence. Wapo wanaoieleza kazi ya 1866 kuwa toba, na wapo wanaosema alihitaji ajira tu. Mimi siwezi kuiita upatanisho, kwa sababu neno hilo linahitaji pande mbili zenye uwezo sawa wa kukataa.

Wengine hujenga daraja kati ya utoto wake na kanuni za mpira, wakisema aliiga marngrook, mchezo wa wenyeji wa kudaka mpira uliotengenezwa kwa ngozi. Katika barua zake hautajwi. Hata hivyo alikulia mahali ulipochezwa, na sioni sababu ya kuwadhihaki wajukuu wa wale walioucheza marngrook wanaposema mchezo huu ni wao pia.

Baada ya Queensland alisumbuliwa na ndoto za kutisha, na unywaji wake ukazidi mwaka hadi mwaka. Kriketi ilimkataa ilipoanza kumhesabia makosa kwa namna alivyoutupa mpira. Tarehe 2 Mei 1880, nyumbani kwake Heidelberg, akiteswa na maono yanayomjia mlevi aliyekosa pombe ghafla, alijiua. Alikuwa na miaka 44. Jina la heshima la baba wa mpira alipewa binamu yake Harrison, aliyeishi hadi 1929. Kaburi la Wills lilikaa miaka 100 bila alama, mpaka lilipowekewa jiwe lenye jina lake mwaka 1980.