Gari la mvutano: kazi yote iko kwenye ekseli

Gari lenyewe, la kuchezea na linaloendeshwa na mvutano wa dunia, ni rahisi kulieleza: chupa ya maji inashuka kutoka juu ya mnara uliosimama garini, uzi wake unaizungusha ekseli (mhimili wa magurudumu) ya nyuma, gari linakwenda. Kilichonipa kazi ni unene wa ekseli pale uzi unapozungushiwa.

Vifaa nilivipata Kampala bila gharama ya maana: CD mbovu nne za kipenyo cha sm 12 ziwe magurudumu, spoku mbili za baiskeli zenye unene wa mm 2 ziwe ekseli, plaiwudi ya sm 30 kwa 15, mirija ya juisi, mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, fito za mianzi na chupa ya nusu lita. Mnara niliupa sm 65 ili chupa ipate sm 40 za kushuka. Ijaze maji mpaka juu. Yakibaki nusu yanachezacheza na mnara unayumba.

Tundu la CD ni kubwa mno kwa spoku, kwa hiyo niliziba kwa kifuniko cha chupa ya soda na supa gluu, kisha nikatoboa katikati kwa msumari uliopashwa moto. Ukikosea hata mm 1, gurudumu linapepesuka na gari linapinda njia. Mirija niliigandisha chini ya ubao iwe nyumba ya spoku, mmoja mbele na mmoja nyuma, sambamba kabisa. Usitie mafuta ya kupikia, yanakusanya vumbi. Unga wa risasi ya penseli unatosha.

Jaribio la kwanza uzi ulizungushwa juu ya spoku tupu. Gari halikutikisika. Hesabu inaonyesha kwa nini: chupa ya kilo 0.5 inavuta kwa nyutoni (kipimo cha nguvu) 4.9, lakini gurudumu ni nene mara 60 kuliko spoku, hivyo kinachofika sakafuni ni nyutoni 0.08 tu. Msuguano nao niliupima kwa ubao wa mita 1: nililiweka gari juu yake likiwa na chupa, nikainua ncha moja polepole. Lilianza kuteremka ncha ilipofika sm 1.5. Gari na chupa ni kilo 0.8, yaani nyutoni 7.8; sm 1.5 kwa mita 1 ni asilimia 1.5, na asilimia 1.5 ya hiyo ni kama 0.12, ndio msuguano. Sasa 0.08 itaishindaje 0.12?

Nikavisha spoku kipande cha ganda la biro chenye unene wa mm 8, ndani nikajaza karatasi na gluu ili kisizunguke peke yake. (Kikiteleza, chupa inashuka na gari limesimama, kosa linalochukua muda kuligundua.) Uwiano wa gurudumu na ekseli ukawa 15, nguvu nyutoni 0.33, na sm 40 za chupa zikawa mita 6 za kusukumwa. Nishati haikuongezeka, ni zile zile jouli 2 hivi. Zilitawanywa kwa njia fupi zaidi. Kwenda mpaka mm 20 sishauri: chupa inaanguka kwa kishindo, nishati inapotelea kwenye ubao, na CD zinateleza kwenye saruji. Kwa utelezi, vuta utepe wa tyubu ya baiskeli uvishe magurudumu ya nyuma.

Bora kuliko yote ni ekseli yenye umbo la pia (koni): upande mmoja mm 12, mwingine mm 6, imetengenezwa kwa utepe wa karatasi. Anza kuzungusha uzi upande mwembamba umalizie upande mnene, ili wa kwanza kufunguka uwe ule wa nguvu ya kuondokea.

Uzi usifungwe kwenye ekseli. Ncha yake itiwe kitanzi kinachoning'inia kwenye kijipini kilichoinama cha ekseli, ili kitanzi kichomoke chupa ikifika chini. Ukiufunga, gari linapoendelea kwa kasi yake uzi unajizungusha upya, unaipandisha chupa, na hiyo ni breki.

Mnara usimame mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Ukikaa nyuma yake, magurudumu ya mbele yananyanyuka.