Waya wangu uko mbavuni

Juzi asubuhi pale Kimara Mwisho kaka mmoja kanigusa ubavu na begi lake, kanigusa tu jamani wala hakunigonga, nikapiga ukelele mlango mzima wa basi la mwendokasi ukageuka, na yule kaka wa watu akabaki anaomba radhi kama kaua. Aibu nikaona mimi. Ningemwelezaje? Hata ningefunua nguo angeona nini zaidi ya makovu meusi matano sita chini ya titi la kushoto. Kidonda hamna.

Ilianza Machi mwaka juzi, masika ndo yanaingia. Siku mbili nzima upande wa kushoto unawaka moto na ngozi haina kitu, nikasema ni cherehani hii, maana mi ni fundi, niko Kariakoo nimeinama kutwa. Siku ya tatu vikatoka vipele, nikajua mdudu kanikojolea usiku. Siku ya nne malengelenge yamejaa maji, yamejipanga kutoka uti wa mgongo yanakuja mbele kama mtu kaanza kunifunga mkanda akaishia njiani. Jirani yangu kuona tu akaweka mkono mdomoni. "Shoga, huo mkanda wa jeshi. Omba Mungu usikutane, ukikutana ndo kwaheri." We acha. Usiku ule sikulala, nimekaa kitandani na kioo na tochi ya simu napima umebaki umbali gani hadi kitovuni.

Nimekwenda hospitali siku ya sita, nimetapakaa mafuta ya nyonyo. Daktari kijana sana, angeweza kuwa mwanangu, ila alinikalisha akanielewesha kitu ambacho miaka 54 hii sijawahi kuambiwa. Kirusi chenyewe ni kilekile cha tetekuwanga. Ukiugua utotoni ukapona, chenyewe hakiondoki, kinajificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu huko pembeni ya uti wa mgongo, kinalala miaka na miaka, halafu kinga ikilegea, kwa umri tu au kwa ugonjwa mwingine, kinaamka na kutoka kikifuata mshipa uleule kiliolalia. Ndo maana kinakaa upande mmoja. Mshipa wa kushoto unaishia katikati ya mwili, hauvuki kwenda kulia, kwa hiyo huo mkanda unaosubiriwa ukutane kwa kawaida haukutani, na hata ukitokea pande zote mbili kukutana kwenyewe siko kunakoua. Nilicheka pale pale nikiwa na machozi. Usiku mzima na tochi!

Ila akaniambia na lisilochekesha. Dawa ya kirusi, asiklovia, inasaidia zaidi ukiianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Mimi hizo saa nilizimalizia kwenye mdudu na nyonyo. Hakusema ningewahi nisingeumwa, alisema tu kuwahi kuna faida yake. Basi nami nawaambieni hivohivo, ukiona ubavu unawaka halafu vipele vya upande mmoja, usingoje jirani.

Akanishauri pia nipime virusi vya UKIMWI, kwa sababu mkanda unawapata zaidi watu ambao kinga yao imeshuka. Ushauri ni wa haki kabisa, nikapima, hakuna kitu. Lakini mtaani nani anasubiri majibu yako? Ukitamka mkanda wa jeshi tu watu wanaangaliana. Mteja wangu mmoja wa miaka mingi alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho hata sijakikata, eti safari imeahirishwa. Baadaye nikasikia wanasema fundi kakanyaga miwaya, yaani kaupata UKIMWI. Waya ninao kweli, ila uko mbavuni, na hata ningekuwa nimeukanyaga huo wao ndo gauni lisingeshonwa?

Sasa mapele yalikauka kwenye wiki ya nne, wote wakasema pole umepona. Na mimi nilijua nimepona. Miezi mitatu ikapita moto uko palepale. Nimekunywa Panadol nimekunywa diklofenaki kama nakunywa maji. Kurudi hospitali ndo naambiwa kirusi kilipopita kiliuharibu mshipa, na mshipa ulioharibika unaendelea kupeleka taarifa ya maumivu kwenye ubongo wakati hakuna kinachokuumiza. Yaani waya umechunika, chochote kikigusa shoti.

Nilipewa amitriptilini, nusu kidonge kwanza halafu ikapandishwa taratibu. Dada wa famasi akaiangalia karatasi akaniangalia mimi, akauliza kwa upole, "Mama, una msongo wa mawazo?" Maana ni dawa ya sonona hiyo asili yake, ila kwa kiwango kidogo inatuliza mishipa. Nafuu haikuja siku ile wala wiki ile, nilishataka kuitupa, kwenye wiki ya tatu nne ndo nikashtukia nimelala hadi adhana ya alfajiri. Bei yake naimudu. Shida yake inakausha mdomo, Ramadhani iliyopita ulimi ulikuwa msasa, na choo nacho kinagoma, na nikiinywa saa nne usiku kesho yake naingiza uzi kwenye sindano mara nane naukosa. Kwa hiyo naimeza saa mbili kamili, mume wangu ndo saa yangu. Msiichukue kwangu mkakimbilia famasi lakini, mwenye matatizo ya moyo dawa hii si ya kuchezea, aanze na daktari.

Kuna jambo watu hawaliamini nikiwaambia. Kubonyezwa kwa nguvu kunavumilika, kinachoniua ni kuguswa kidogo. Upepo wa feni. Nywele. Pindo la shuka. Joto la Dar la Februari mnalijua, feni inazunguka inaelekea kwa mume wangu peke yake, mi nimegeukia ukutani nachuruzika jasho, na jasho lenyewe likiteremka ubavuni nalihesabu tone kwa tone. Dukani najifunga kanga ikanikaza hasa juu ya mbavu, mkanda juu ya mkanda, hapo naweza kushona saa nzima. Mjukuu wangu wa miaka minne kazoea, akija mbio anakata kona anadandia kulia. Sidiria nilizigawa.

Mishono nayo ndo ilinisumbua kuliko vyote. Fundi mzima nashindwa na mshono! Ule upindo wa ubavuni ulioshonwa vizuri kabisa, kazi ya mikono yangu, unanikwaruza kama wembe. Nikajaribu kushonea bitana, nikajaribu kuhamisha mshono uje mbele, mwisho nikachukua kanga kuukuu, ile iliyofuliwa hadi ikawa laini kama pamba, nikashona blauzi mbili pana na mishono yote nikaiacha nje. Naivaa hivo hivo, nyuzi zinaning'inia, fundi gani huyu.

Leo jioni narudi, kituo cha Gerezani pale kwenye foleni, binti mmoja kajisogeza hadi sikioni kwangu, akanong'ona kwa heshima zote, "Shikamoo mama. Samahani, umegeuza nguo."

Nikamwambia marahaba mwanangu, ahsante, nitaigeuza nikifika nyumbani. Nikamwomba tu asimame kulia kwangu.