Dagaa na Kamba ya Kuruka
Kila nipitapo soko la dagaa la Mwaloni, Kirumba, hujiuliza kwa nini mtoto wa Mwanza, anayeamka na harufu ya ziwa puani, ashinde shuleni kwa andazi na soda ya getini, ilhali dagaa, kwa kuwa huliwa wazima pamoja na mifupa yao, humpatia protini na kalsiamu kwa gharama ambayo minofu ya sangara haiwezi kuifikia. Kiganja kimoja cha dagaa waliooshwa mchanga vizuri (hapo ndipo wapishi wengi huharibu) hubadilisha sufuria nzima ya makande. Mimi nililelewa kwa michembe (vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa) na uji, wala sioni haya kuvitetea.

Kuhusu mazoezi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 17. UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi nchini Tanzania, pamoja na sifa zake zote, huwachukua wenye vipaji na kuwaacha wengine wakishangilia. Shule iliyobanwa na mawe ya vilima vyetu haihitaji uwanja kamili. Rede (mchezo wa kukwepa mpira) na kamba ya kuruka vinatosha kuanzia.